Milimita Sita

Saa kumi na moja alfajiri. Upepo wa Vardari unagonga madirisha
ya maabara yetu ya chini kwa chini, Thesalonike,
nami natoa sahani kwenye joto lake la usiku kucha.
Kibandiko kinasema: Stergios K., miaka sabini na mmoja,
mwashi, damu, chumba cha mahututi.

Jana nilimpanda kijidudu wake humu
(ndiyo, tunasema kupanda, kama mahindi)
nikamwekea juu vipande vya karatasi, vidogo kama vifungo vya shati la mtoto,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Dawa ikishinda huacha duara safi, uwanja usioota kitu.
Ikishindwa, utando wa kijivu hufika hadi ukingo wa karatasi
na kujilaza hapo, kama paka aliyezoea nyumba.

Penisilini na ukoo wake hawachomi kisu.
Humshika mkono fundi wa kijidudu asiweke saruji;
ukuta unabaki na nyufa, maji yanaingia,
nyumba inajipasua yenyewe.
Stergios angeelewa. Miaka arobaini amejenga kuta Kalamaria,
anajua ukuta usio na saruji haungoji tetemeko.
Lakini huyu ana mkasi.
Anaikata dawa kwenye pete yake ya pembe nne
kabla haijamfikia fundi.
Tukatunga dawa ya pete ngumu zaidi; akanoa mkasi.
Tukatunga nyingine, tukaiita akiba, tukaifungia kabatini.
Siku tulipofungua kabati, mkasi wake ulikuwa tayari.

Zipo zinazopenya hadi jikoni, protini zinakofumwa,
zikamvuruga msomaji wa maagizo:
anaandikiwa kanzu, anafuma soksi yenye mikono.
Kijidudu anakufa kwa kuvaa upuuzi wake.
Huyu ameweka pampu mlangoni.
Kinachoingia kwa tone kinatoka kwa ndoo.

Na siprofloksasini, aliyekuwa akikamata vidole
vinavyokunjua uzi wa urithi?
Vidole vimebadilika umbo. Kidogo tu. Inatosha.

Kinachonitisha si ukali wao, ni ukarimu.
Hawangoji kuzaa ndipo warithishe.
Wanakutana tumboni, hawajuani hata kabila,
mmoja ananyoosha mrija mwembamba
anampa mwenzake nakala ya mkasi. Bure.
Sisi humu tunafichana kalamu.

Kikulacho ki nguoni mwako;
chake kilikuwa utumboni, miaka, kimya, mpangaji mpole,
mpaka mpira wa mkojo ulipomwonyesha njia ya damu.

Mama yangu ana droo ya vidonge vilivyobaki.
Nikikohoa ananipa viwili: "Vya Kyriakoula wa ghorofa ya tatu, vizuri sana."
Siku ya pili napata nafuu, vingine narudisha drooni.
Nami ndiye ninayesoma sahani.
Siwezi kusema sikujua.

Nachukua rula.
Sita. Sita. Sita,
yaani sifuri, kwa kuwa karatasi yenyewe ni milimita sita.
Inabaki kolistini, isiyopimwa kwa karatasi;
ina safu yake ya visima vidogo vya mchuzi.
Vitatu vya kwanza vimechafuka.
Cha nne ni maji matupu.
Nakiinua kwenye taa. Nakiinua tena.

"Anthoula, kuna chochote?" anauliza Daktari Polyxeni kwenye simu.
"Kipo kimoja."
"Kile kizee kinachotoboa ngozi yao na kula figo zetu?"
"Kile kile."
Nasikia mashine ya pumzi nyuma yake, inavuta, inaachia.
"Figo zake zimeshachoka," anasema. Kisha: "Haya. Andika."

Naandika. Nanawa mikono, nanawa tena.
Nje muuza mkate anafungua.
Nampigia mama; anataka kujua kama nimekula.
"Mama," nasema, "ile droo."
"Droo gani?" anajibu,
naye anajua.